Redio koli ya zamani kwenye mkonga: inapokea vizuri, ukibonyeza kuongea inazima. Tatizo ni redio au nyaya?

Msimamizi_Magari

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaozijua redio koli za garini.

Gari ni Land Cruiser mkonga, HZJ79, la shamba la mkonge upande wa Muheza. Lina Motorola GM300 ya VHF, wati 25, na antena ya fimbo ya robo wimbi (urefu wake ni robo ya wimbi la redio) iliyofungwa kwenye ngao ya mbele. Repita yetu (mtambo unaopokea sauti za redio na kuzirusha upya mbali zaidi) iko kilimani upande wa Amani. Gari linashuka Tanga mjini na Pangani kila wiki, kwa hiyo upepo wa chumvi linaupata wa kutosha.

Dalili ziko hivi. Injini ikiwa imezimwa, redio inapokea vizuri kabisa, lakini dereva akibonyeza kuongea taa zake zinafifia na redio inazima. Akiachia, inawaka yenyewe. Injini ikiwa inanguruma inaongea, ila kituoni wanasema sauti inakatika na ina mluzi unaopanda kadiri anavyokanyaga mafuta. Karibu na Muheza repita inafunguka. Akifika Tanga mjini haifunguki, wakati redio ya mkononi ya wati 5 akiishika nje ya gari palepale inafunguka. Kwenye barabara ya vumbi ndiyo inakatika zaidi.

Mpaka sasa tumebadilisha fyuzi, na maiki tumejaribu ya gari jingine, hali ni ileile. Betri kwa mita inasoma volti 12.6. Ofisini wanataka kununua redio mpya. Kabla sijakubali, nianzie wapi kupima, na kwa mpangilio gani?

---

Fundi_Mawimbi

Mkuu, usinunue redio kwanza. Ukifunga redio mpya kwenye nyaya hizohizo, nayo itazima vilevile. Maelezo yako yanaonyesha matatizo mawili au matatu tofauti yaliyokutana kwenye gari moja, na la kwanza liko kwenye njia ya umeme kati ya betri na redio.

Sababu ni hii. Redio ikipokea inakula umeme kidogo, chini ya ampea 1. Ukibonyeza kuongea, redio ya wati 25 inaruka mpaka ampea 6 hadi 8 hivi. Tuseme kishikio cha fyuzi kina kutu na kimejenga ukinzani wa omu 0.2. Wakati wa kupokea, omu 0.2 mara ampea nusu ni volti 0.1, huwezi kuigundua. Wakati wa kuongea, omu 0.2 mara ampea 8 ni volti 1.6 zinazopotelea njiani. Betri nayo imeshuka kidogo kwa mzigo, kwa hiyo redio inabaki na volti 10 na kitu. Saketi zake za ndani zinashindwa, inazima. Ikizima, mzigo unaondoka, volti zinarudi, inawaka tena. Ndicho unachokiona.

Ndiyo maana kupima betri peke yake na kupata 12.6 hakukuambii chochote. Volti zinapimwa huku mtu amebonyeza kuongea. Fanya hivi:

1. Injini izimwe. Weka mita kwenye volti za DC. Mtu mmoja abonyeze kuongea kwa sekunde 5, wewe soma volti juu ya nguzo za betri zenyewe, siyo juu ya vichwa vya nyaya. Betri nzima haitashuka chini ya 12.0 kwa mzigo mdogo kama huu. Ikishuka zaidi, shughulikia betri kwanza.

2. Rudia kipimo kwenye plagi ya umeme nyuma ya redio, ikiwa bado imechomekwa. Chomeka ncha za mita kwa nyuma ya plagi zifike kwenye chuma. Tofauti kati ya kipimo hiki na cha kwanza ndiyo volti zinazopotea njiani. Zote kwa pamoja zisizidi 0.5.

3. Sasa tafuta zinapotelea upande gani. Ncha nyekundu ya mita iwe kwenye nguzo chanya ya betri, ncha nyeusi kwenye waya mwekundu pale kwenye plagi ya redio. Bonyeza kuongea, soma. Halafu fanya hivyohivyo upande hasi: nguzo hasi ya betri na waya mweusi kwenye plagi. Kila upande usizidi 0.3.

4. Upande wenye tatizo, acha ncha moja kwenye nguzo ya betri, nyingine uisogeze hatua kwa hatua: kichwa cha waya, kabla ya fyuzi, baada ya fyuzi, kwenye kila kiungo. Mahali volti zinapopanda ghafla ndipo penye ubovu.

Hatua ya 4 ndiyo mafundi wengi wanairuka, wanaishia kubadilisha fyuzi. Fyuzi yenyewe mara nyingi ni nzima. Kinachooza ni meno ya kishikio chake. Omu 0.2 kwa ampea 8 inatoa joto la karibu wati 13 ndani ya kiplastiki kidogo. Kiguse baada ya kuongea. Kikiwa cha moto, au plastiki yake imelainika na kubadilika rangi, umemkamata mwizi wako.

Sehemu nyingine za kutazama kwenye gari la pwani: kichwa cha betri chenye unga wa kijani au mweupe, na viungo vya waya vilivyosokotwa kwa mkono vikazungushiwa tepu. Kiungo cha namna hiyo huku kwetu hakidumu. Hewa ya chumvi inapenya chini ya tepu, shaba inageuka nyeusi, na kwa macho kinaonekana kizima. Kichwa cha betri kisafishe kwa maji yenye magadi soda na brashi ya waya, uangalie maji yasiingie kwenye seli, kikauke, ukikaze ndipo upake grisi.

Kama nyaya ni za zamani, usihangaike kuzibembeleza. Vuta mpya kutoka betrini moja kwa moja. Milimita 2.5 za mraba ndizo kima cha chini, mimi nakushauri 4. Waya wa 2.5 una ukinzani wa takriban miliomu 7 kwa mita, kwa hiyo mita 4 za kwenda na 4 za kurudi kwa ampea 8 zinakula karibu volti 0.45, na hapo hujahesabu viungo. Waya wa 4 unapunguza hiyo mpaka chini ya 0.3. Fyuzi iwe karibu na betri, ndani ya sentimita 20, ili waya ukichunika popote mbele yake fyuzi ikate. Thamani ya fyuzi ni ile iliyoandikwa kwenye kebo ya asili ya redio. Usipandishe kwa kuwa ya zamani ilikuwa inaungua.

Usichukue umeme kwenye waya wa kiberiti cha sigara wala kwenye swichi ya gari. Nyaya zile ni nyembamba na zimebeba kelele za vitu vingine.

Swali moja: gari lina betri moja au mbili? Kama ni mbili zilizofungwa mfululizo kwa volti 24, na mtu aliyefunga redio amechukua 12 kutoka betri moja tu, hilo nalo ni tatizo. Betri ile inatumika zaidi ya mwenzake wakati chaja inazijaza kwa pamoja. Moja inabaki na njaa, nyingine inachemshwa, zote mbili zinakufa mapema. Hapo inahitajika konveta ya 24 kwenda 13.8.

---

Omu50

Fundi_Mawimbi amemaliza habari ya umeme. Mimi nizungumzie antena, kwa sababu redio ya mkononi ya wati 5 kuishinda ya wati 25 mahali palepale, hilo umeme peke yake hauwezi kulieleza. Injini ikinguruma redio yako inatoa wati za kutosha. Haziendi hewani.

Kwanza sheria moja: usibonyeze kuongea antena ikiwa imechomolewa. Nguvu inayorudi inaweza kuua hatua ya mwisho ya redio (sehemu inayokuza nguvu ya kurusha), na hiyo kwenye redio ya zamani ndiyo sehemu ghali kuliko zote.

Kabla ya kuazima kipimo chochote, chomoa kebo ya antena nyuma ya redio, uweke mita kwenye omu. Kati ya pini ya katikati na ganda la nje, antena ya robo wimbi ya kawaida isome wazi kabisa, bila kipimo. Ikisoma karibu na sifuri kuna mahali nyaya zimegusana. (Antena zenye koili chini, kama zile za tano kwa nane za wimbi, nyingine kwa muundo wake zinasoma sifuri, kwa hiyo ijue antena yako kabla ya kuihukumu.) Ikisoma namba ya katikati, kilo-omu 10, 50, 100, hayo ni maji au chumvi ndani ya kebo. Halafu pima kutoka pini ya katikati mpaka kwenye fimbo yenyewe, isome chini ya omu 1. Tikisa kebo huku unasoma. Namba ikicheza, kiungo kimelegea, na hiyo ndiyo inakukatia sauti kwenye barabara ya vumbi.

Kisha azima mita ya SWR (kipimo cha jinsi antena inavyorudisha nguvu; 1 ndiyo bora) au watimita, uiweke kati ya redio na antena. Iwe ya VHF. Zile za redio za 27 MHz zinazouzwa madukani zinadanganya kwenye 150 MHz, zitakuambia antena mbovu ni nzima na nzima ni mbovu. Ukipata watimita ya Bird 43, tumia kipande chake cha kuchomeka cha 50C, ambacho ni cha wati 50 kwa 100 hadi 250 MHz. Soma nguvu inayokwenda, geuza kipande, soma inayorudi. Ikirudi asilimia 4, yaani wati 1 kati ya 25, SWR ni 1.5, hapo pazuri. Asilimia 11 ni SWR 2, tafuta tatizo. Asilimia 25 ni SWR 3, na redio nyingi zikifika hapo zinajipunguzia nguvu zenyewe kujilinda.

Ubovu unapatikana wapi? Kwa antena iliyofungwa kwenye ngao, anzia chini yake. Pale inakula maji, matope na mawe. Fungua kiti cha antena utazame wavu wa kebo. Ukiwa mweusi au wa kijani, maji yameingia, na yanapanda ndani ya wavu kama mafuta ya taa kwenye utambi. Kukata kipande cha sentimita 10 hakusaidii. Kata mpaka ukute shaba inayong'aa, na kwa kweli kebo ya mita 4 au 5 ni rahisi kuibadilisha yote. Kebo ya aina ya RG-58 inatosha kwa umbali huo, inapoteza kama desibeli 1 kwa mita 5. Halafu fuata njia ya kebo mpaka ndani. Ikipita kwenye mlango, kila mlango unapofungwa inabanwa, mwishowe waya wa kati unagusa wavu.

Plagi ya nyuma ya GM300 ni mini-UHF, ile ndogo. Mara nyingi utakuta mtu ameweka adapta ya kwenda plagi kubwa ya PL-259, juu yake adapta nyingine. Kila adapta ni kiungo cha kulegea. Funga plagi inayohusika moja kwa moja kwenye kebo.

Urefu wa fimbo pia uupime kwa futi. Kwa robo wimbi, gawa 7,130 kwa masafa yako ya kuongelea kwa MHz, unapata sentimita. Kwa 155 MHz ni 46. Kwa 165 ni 43. Fimbo ikivunjika ncha, au mtu akiazima ya gari jingine lenye masafa mengine, SWR inapanda bila kutu yoyote. Kama una chaneli zilizoachana, linganisha: SWR ikiwa ndogo kwenye masafa ya chini, fimbo ni ndefu, punguza milimita 3 kwa kila mkato. Ikiwa ndogo kwenye masafa ya juu, fimbo ni fupi, na hapo hakuna mkasi utakaokusaidia, nunua nyingine.

La mwisho, ambalo wengi hawapendi kulisikia. Ngao ya mbele ni mahali pabaya pa antena ya robo wimbi. Inahitaji bati chini yake lenye nusu kipenyo cha karibu sentimita 48 pande zote, na bati hilo ni paa. Kwenye ngao, boneti na kebini ya gari vinaikinga upande wa nyuma. Gari likielekea Tanga mjini, Amani inabaki mgongoni. Sasa unajua kwa nini repita haifunguki.

---

Mjomba_Chumbageni

Naongeza dogo juu ya waya hasi. Fundi_Mawimbi anauleta kwenye nguzo ya betri. Mimi nasema uishie kwenye bodi, pale kebo kubwa ya hasi ya betri inapofungwa kwenye bodi. Ukiuleta kwenye nguzo yenyewe, siku mkanda wa eathi wa injini ukilegea au kukatika, umeme wa starta utatafuta njia ya kurudi, na njia itakayobaki ni waya wako mwembamba wa redio pamoja na wavu wa kebo ya antena. Waya unawaka moto chini ya dashibodi.

---

Fundi_Mawimbi

Mjomba, hoja yako ni ya kweli na hatari hiyo ipo. Anayepeleka hasi kwenye nguzo lazima aweke fyuzi upande huo pia. Anayeipeleka kwenye bodi haihitaji, ila akwangue rangi mpaka chuma kionekane, aweke washa yenye meno, akaze, halafu apake rangi juu ya kiungo. Kwenye mkonga wa pwani mimi nina wasiwasi na bodi kwa sababu ya kutu, ndiyo maana nachagua nguzo na fyuzi mbili. Zote mbili zinafanya kazi. Isiyofaa ni kufunga hasi kwenye skrubu yoyote ya dashibodi iliyo karibu.

---

Msimamizi_Magari

Asanteni sana wakuu. Betri ni mbili lakini zimefungwa sambamba, gari ni volti 12. Nimepima leo:

Injini imezimwa, kuongea kumebonyezwa: betri 12.2, plagi ya redio 10.1. Upande chanya zinapotea 1.7, upande hasi 0.4. Injini ikinguruma: betri 13.8, plagi 11.7.

Antena: pini ya kati na ganda inasoma kilo-omu 40. Watimita niliyoazima, injini ikinguruma: wati 22 zinakwenda, 6 zinarudi. Nikitikisa kebo karibu na ngao, zinazorudi zinafika 9.

Fimbo ina sentimita 46, masafa ya kuongelea yako karibu na 155, kwa hiyo urefu nadhani uko sawa.

Mluzi bado. Na kuna jambo sikulitaja: mwaka huu kituo na magari mengine yalibadilishiwa redio, hili pekee limebaki na ya zamani.

---

Fundi_Mawimbi

Vipimo vizuri, vinajieleza vyenyewe. Volti 1.7 upande chanya kwa ampea 8 ni ukinzani wa omu 0.21. Nunua mita 4 za waya mwekundu wa 4, mita 4 za mweusi, kishikio cha fyuzi ya bapa chenye kifuniko cha mpira kisichopitisha maji (viwili ukifuata njia yangu ya nguzo), vichwa vya waya vya shimo la boliti ya betri yako, na mpira wa kusinyaa kwa moto, ule wenye gundi ndani. Bana vichwa kwa koleo ya kubania, siyo kwa nyundo wala plaisi. Ukipenda kuongeza lehemu, iwe kidogo mno na waya ushikiliwe karibu na kiungo, maana lehemu ikipanda ndani ya nyuzi waya unakuwa mgumu na mtikisiko unaukata palepale ugumu unapoishia.

Waya upite mbali na bomba la moshi, na kwenye tundu la ukuta wa injini weka mpira wa kulinda waya. Chuma cha tundu kinakula ganda la waya polepole mpaka kinafika kwenye shaba.

Ukimaliza, rudia kipimo cha 2. Ukipata tofauti isiyozidi 0.5, umeme umetoka kwenye orodha.

---

Omu50

Wati 6 zinazorudi kati ya 22 ni asilimia 27, SWR imepita 3. Na kilo-omu 40 kwenye robo wimbi ni maji. Usipime tena, badilisha kebo yote na kiti cha antena. Urefu wa fimbo uko sawa kama ulivyosema.

Mpaka hapo epuka kuongea kwa muda mrefu na redio hiyo, kwa sababu inapika hatua yake ya mwisho.

---

Ngamiani_Elektroniki

Niingie kwenye mluzi na kwenye lile la redio mpya, maana ukishafunga nyaya na antena utabaki na hayo.

Mluzi unaopanda na injini unatoka kwenye alteneta. Weka mita kwenye volti za AC juu ya nguzo za betri, injini ikinguruma kidogo juu ya mzunguko wa kawaida, taa kubwa zimewashwa. Ukisoma zaidi ya 0.5, daiodi moja ya alteneta imekufa, ipelekeni kwa fundi umeme wa magari. Ikisoma chini ya 0.1, alteneta iko sawa na mluzi unaingia kwa sababu ya nyaya mbovu. Hapo waya mpya utaumaliza bila kichujio chochote. Watu wanakimbilia kununua kichujio cha kelele, wanakifunga juu ya waya wenye omu 0.2, halafu wanashangaa mluzi bado upo. Kichujio nacho kinaongeza ukinzani.

Kutaka kuhakikisha njia unayoingilia, lisha redio kwa betri ya pembeni isiyounganishwa na gari, injini ikiendelea kunguruma. Mluzi ukipotea, ulikuwa unapita kwenye nyaya za umeme. Ukibaki, unaingia kupitia antena au maiki. Na kama ukishakamilisha yote mluzi bado upo hata kwa betri ya pembeni na injini imezimwa, basi ndani ya redio kapasita za elektroliti zimekauka au zimevuja. Kwa redio ya umri huo si ajabu. Zinabadilishwa kwa zile za nyuzi 105, siyo 85, kwa kuwa chini ya dashibodi jua la Tanga halina huruma. Alama ya kuvuja ni shaba ya bodi iliyopoteza mng'ao kuzunguka miguu ya kapasita, na harufu ya samaki ukiiwekea pasi ya lehemu. Majimaji hayo yasafishwe kwa spiriti ya isopropili kabla ya kufunga mpya, la sivyo yanaendelea kula njia za shaba.

Sasa kuhusu redio mpya za wenzako. Uliza kwa aliyezipanga: nafasi ya chaneli ni kHz 25 au 12.5? Na toni ya kufungulia repita ni ipi? Redio ya kHz 25 inatikisa masafa mpaka kHz 5 kila upande, ya 12.5 inatikisa mpaka 2.5. Redio yako pana ikiongea kwenye mtandao mwembamba, sauti inapasuka na kukatika hasa mtu akipaza sauti, hata kama umeme na antena ni safi. Wewe ukiwasikiliza wao, sauti yao inakuwa ndogo, unalazimika kuongeza spika. Je, dereva analalamika hivyo? Kama ndiyo, jibu limepatikana. Redio yenye vichujio vya upana mmoja tu ndani huwezi kuigeuza kwa programu. Hapo, na hapo tu, ndipo nakubaliana na ofisi yenu kununua mpya.

Kama upana ni uleule, jaribu kuongea moja kwa moja na redio ya mkononi bila kupitia repita, iwe umbali wa mita 100 au zaidi ili isizidiwe nguvu. Sauti ikiwa safi huko lakini repita haifunguki, toni haitoki au ni tofauti. Ikiwa imepasuka hata huko, masafa yenyewe yamehama. Kioo cha kutunzia masafa kinazeeka: kuhama sehemu 5 kwa milioni kwenye 155 MHz ni Hz 775, na kwenye chaneli ya 12.5 hiyo inasikika wazi. Hilo linapimwa kwa kipima masafa kupitia dami lodi ya omu 50 (kifaa kinachomeza nguvu badala ya antena), na marekebisho afanye fundi mwenye programu ya redio hiyo. Programu ya GM300 ni ya DOS na haipatani na kompyuta za kasi, kwa hiyo fundi asiyekuwa na kompyuta kuukuu asiiguse. Kabla ya kuandika chochote asome yaliyomo na kuyahifadhi. Na masafa yabaki yale yaliyo kwenye leseni yenu ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano), asiongezewe dereva chaneli za wengine.

Onyo moja zaidi kwa wanaofunga spika ya nje kwenye redio hizi: nyaya zote mbili za spika zina umeme, hakuna hata moja ya kugusishwa na bodi. Ukiifunga hasi ya spika kwenye chuma cha gari unaua kikuza sauti. Na plagi ya nyuma ya pini 16 isipotee, kwenye GM300 pini ya 15 na ya 16 zisipounganishwa spika ya ndani inanyamaza, watu wanadhani redio imekufa.

---

Msimamizi_Magari

Nimeuliza: upana ni uleule wa 25, toni haikubadilishwa, na dereva hana lalamiko la sauti ndogo. Vifaa nimeviagiza. Omu50, kwa kuwa nabadilisha kebo yote, nimeamua kuhamishia antena kwenye paa. Shimo la kiti ni la ukubwa gani, na nijihadhari na nini?

---

Omu50

Kwa kiti cha antena cha aina ya NMO shimo ni milimita 19, yaani robo tatu ya inchi. Tumia msumeno wa kutoboa tundu la duara wenye kizuizi usizame, siyo keekee ya kawaida, maana keekee inachana bati. Weka alama katikati ya paa, lakini kwanza shusha kitambaa cha ndani uone mbavu za paa na waya wa taa vinapita wapi, usije ukatoboa ubavu.

Upande wa chini wa shimo kwangua rangi, meno ya kiti yaume chuma kitupu, bila hivyo antena haina eathi. Upande wa juu rangi iachwe, ila ukingo wa shimo uliobaki chuma upakwe praima ya kuzuia kutu kabla hujafunga. Angalia mpira wa duara ukae vizuri kwenye kiti, na usikaze kupita kiasi ukausukuma nje. Kebo iteremke kwenye nguzo ya kioo cha mbele, isipite mlangoni. Ukimaliza soma tena nguvu inayorudi: kwa wati 25, ikizidi 1, punguza au badilisha fimbo kabla ya kurudisha kitambaa.

Na fimbo ichague ya chuma cha kupinda chenye springi. Barabara za shambani zina matawi.